Mjomba, Neno Lako Tulilikuta Ndani ya Chapu

Mjomba Kasiani,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila salamu, na sikio langu limeshajibu kwa niaba yako: "Marahaba, mama. Umekula?" Ulimuuliza hivyo kila mtu, hata mteja aliyekuja kugomba kwamba saa yake imesimama tena.

Nimekula, Mjomba. Nimekula vizuri, na aliyepika ni mume wangu.

Acha niliandike tena. Mume wangu. Leo ni wiki ya tatu tangu niolewe na bado nalitafutia neno hili sababu. Jana nilimwambia muuza nyanya kwamba mume wangu hapendi nyanya zilizoiva sana. Si kweli, anakula zozote. Nilitaka tu kulisema.

Nakuandikia juu ya meza yako, ile uliyokaa nayo miaka yote kwenye baraza la duka la vitambaa pale mjini, yenye kovu la moto wa kuchomelea upande wa kulia. Tumeileta kwenye chumba chetu Kihonda. Nikiinua macho dirishani naona Uluguru, na asubuhi hii mlima umejifunga wingu kiunoni kama mama anayejiandaa kuingia jikoni. Ungekuwepo ungesema leo itanyesha kabla ya saa nane, na ingenyesha kweli.

Nina jambo kubwa la kukuambia. Pengine unalijua. Mimi naona ulilijua kabla yangu, na ndiyo maana naandika. Lakini nikianzia mwisho nitalia, niache nianzie mwanzo.

Unakumbuka yule mama aliyekuletea saa ya mkononi na mchemraba wa rangi wa mwanawe, akaviweka mezani pamoja na kusema, "Fundi, vyote viwili vimekwama"? Saa uliitengeneza kabla ya adhuhuri. Mchemraba ulikukalia miezi. Ulikuwa ukila kwa mkono mmoja, mwingine unazungusha. Siku ulipoweza kurudisha kila rangi upande wake hukupiga kelele. Uliuweka mezani, ukaufunika kwa kikombe, kisha ukaniambia, "Sasa nataka kujua inanichukua muda gani."

Hapo ndipo Chapu ilipozaliwa. Saa ya simu haikukufaa, ulisema kidole kinakula muda kikitafuta kitufe. Ukataka saa inayoanza pale mikono inapoinuka. Ukajifunza kuandika programu kwenye ile kompyuta ya mtumba yenye herufi zilizofutika, fundi saa wa miaka hamsini, na mimi nimetoka kumaliza kidato cha nne nimekaa kwenye kigoda pembeni nikisubiri maisha yanite. Sijawahi kuona mtu anayejifunza kwa unyenyekevu kama ule. Ukikosea hukuitukana mashine. Ulisema, "Pole, nimekuambia vibaya," ukarudia.

Mama aliposikia kwamba kila asubuhi kabla ya kufungua kazi unaandika kodi, kama unavyoyaita maandishi ya programu, alidhani umepata ajira halmashauri. Akawatangazia majirani. Ulimwacha aamini wiki nzima kwa sababu, ulisema, heshima yake mtaani ilikuwa imepanda na ni dhambi kuishusha ghafla.

Na Chapu ilikuwa nzuri, Mjomba. Bado ni nzuri. Unaweka vidole gumba viwili kwenye kioo, inaandika "Tulia". Rangi ikigeuka kijani inaandika "Haya". Unainua mikono, sekunde zinakimbia, unapanga mchemraba wako, ukimaliza unagusa tena. Basi. Na kando ya kila jaribio inaandika saa ya siku uliyofanyia, kwa sababu ulitaka kujua kama vidole vyako ni vyepesi asubuhi au jioni.

Wengine wangeifungia. Wewe uliiweka mtandaoni bure, na undani wake wote ukiwa wazi, kila mtu aone, achukue, arekebishe, alete marekebisho yake uyapime. Nilikuuliza kwa nini unawaonyesha watu usiowajua kazi yako ya miezi. Ukachukua saa moja mezani, ukaigeuza, ukaifungua mgongo kwa kisu chako kidogo. "Saa isiyofunguka mgongo, Fotu, hiyo si saa. Ni bangili." Nimewaambia watu sentensi hiyo mara nyingi sana. Siku hizi natamani ningekuwa nimeuliza na mengine.

Wapenzi wa mchemraba wakaanza kuja, kutoka Dar, kutoka Arusha, kutoka nchi ambazo tulizitafuta kwenye ramani ya kalenda. Kila aliyeleta rekebisho zuri ulimjibu neno moja: "Imepokelewa." Halikuwa la mtandaoni tu. Nyumbani pia ukiambiwa chakula tayari ulijibu imepokelewa. Ukiambiwa pole kwa homa, imepokelewa.

Kisha akaja yule bwana wa mbali na malalamiko yake. Aliandika kwamba amepanga mchemraba saa nane asubuhi na Chapu imemwandikia saa mbili. Saa yako, alisema, imekosea kwa saa sita kamili.

Siku mbili, Mjomba. Siku mbili ulitafuta kosa. Ulipekua kila mstari. Ulilinganisha saa zote za wateja mezani, ukampigia mwenzako wa Mikese akusomee ya kwake. Zote zililingana, na zote zilisema Chapu iko sawa. Mimi nilikaa pembeni nikikuonea huruma na sikuona chochote, wala wewe hukuona, kwa sababu tangu tumezaliwa mshale ukionyesha nane mdomo unasema mbili, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba pale katikati kuna hesabu. Umetengeneza maelfu ya saa huku ukitoa sita kichwani bila kujua kwamba unatoa. Ulipoandika Chapu, uliiandikia siku inayoanza jua likichomoza. Hukujua kama kuna siku nyingine.

Aliyetuokoa alijiita Karanga. Aliandika, "Fundi, shikamoo. Saa yako haijakosea. Huyo bwana anaanza kuhesabu gizani, wewe unaanza kukipambazuka. Nyote wawili mko sahihi, ila kila mmoja yuko kwao." Ulicheka mpaka lenzi ikakutoka jichoni ikaviringika hadi kwenye kiatu cha mteja. Ukasema, "Huyu kijana ana adabu. Ameniamkia kwanza ndipo akanisahihisha."

Wiki hiyohiyo Karanga akaleta rekebisho: mtu achague mwenyewe, saa ya huku au saa ya kwao. Lilikuwa limeandikwa kwa usafi. Mimi, kwa kuwa ulinipa kazi ya kusimamia maneno ya Kiswahili ya Chapu, nikalikagua, na nikaona doa. Rekodi ya siku ilikuwa inabadilika saa sita ya usiku. Nikamwandikia, kwa jina langu la mle ndani, Njegere, kwamba sisi watu wa njegere na kabichi kule mlimani tunajua kwamba Jumamosi jua likizama, huo ni usiku wa kuamkia Jumapili. Siku imeshabadilika.

Akanijibu, "Kwa hiyo huko mlimani mnakula chakula cha kesho leo. Ndiyo maana mnashiba mapema."

Nikamjibu, "Na wewe jina lako linasema wazi unatokea Gairo, mahali ambapo karanga za mwaka jana zinauzwa kama za leo asubuhi."

Ndivyo tulivyoanza. Niliona ni mabishano ya kazi, Mjomba, naapa. Tulibishana siku inaanza lini kwa wiki nyingi. Kisha nikamuuliza mvua huko ikoje. Akasema imechelewa, baba yake anatazama mawingu kama anayadai. Akaniuliza kama ni kweli kwetu juu ya Mlali kuna baridi ya kuvaa sweta mwezi wa saba. Nikamwambia kuhusu Bibi na moto wake usiozimwa, kuhusu wewe na kikombe chako. Aliniambia anafundisha hesabu shule ya msingi na wanafunzi wake wanatumia Chapu kushindana kujibu maswali. Yote hayo tuliyaandika palepale, chini ya rekebisho la saa, mahali pa wazi kuliko soko. Kwa nini hatukupeana namba za simu? Nimemuuliza juzi. Akasema aliogopa nikimpa namba mabishano yataisha.

Wewe ulikaa mita moja kutoka kwangu, jicho ndani ya saa, huku mimi nacheka peke yangu na kioo. Hukuuliza kitu. Siku moja tu ulisema, bila kuinua kichwa, "Hilo rekebisho linakaguliwa vizuri sana." Nikasema ndiyo Mjomba, lina mambo mengi. Ukasema imepokelewa.

Hatimaye ulilipitisha. Nilipoona limeingia nilihuzunika, kwa sababu nilidhani sasa sina sababu ya kumwandikia. Sikusoma hata ulichoandika. Nilijua ni neno lile lile.

Wiki tatu baadaye moyo wako ukasimama. Asubuhi, mezani, kisu mkononi. Sitaandika zaidi kuhusu hilo. Wewe ulikuwepo.

Habari ya msiba nilikuwa nimeiandika ndani ya Chapu. Msibani nilikuwa uani nakata vitunguu, nikishukuru kwamba ni vitunguu, mtu akaja amevaa shati jeupe lililokunjamana kwa safari, begani ana gunia dogo. Akawaamkia kina mama wote mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, akiulizia mpwa wa fundi, akafika kwangu akashusha gunia. Kisha akasema, "Pole sana, Njegere. Mimi ndiye Karanga." Nililia kwa kicheko, au nilicheka kwa kilio, mama akaja kunishika akidhani nazimia. Alikuwa ameleta karanga za kuchemshia watu. Za mwaka huohuo, alihakikisha nimeona.

Jina lake ni Daudi. Mjomba, ungempenda. Ana masikio makubwa kidogo, na akisikiliza yanaonekana kama yanasogea. Hajui kupanga mchemraba chini ya dakika, lakini akishindwa anasema "pole, nimekuambia vibaya" kama wewe. Hilo nilimfundisha mimi.

Mwaka ulipopita akatuma washenga. Baba alifurahi, mama alifurahi. Lakini unajua kwetu. Baba anatoa baraka, mjomba ndiye anayetoa neno, na mama hana kaka mwingine. Bibi aliwasikiliza washenga kwa heshima, akawapa uji, akasema, "Kasiani ameondoka hakuacha neno. Binti hatoki nyumbani kwa kimya." Akataka tungoje mpaka mtu atakayerithi jina lako apatikane, aseme yeye. Na wazee wa ukoo walikuwa hawajakubaliana hata kidogo nani arithi. Ingekuwa mwaka, ingekuwa mitano. Washenga wakarudi mara ya pili wakapewa uji uleule. Gairo nako baba mdogo wa Daudi akaanza kumtajia mabinti wa karibu, wenye wajomba hai.

Sikumkasirikia Bibi. Nilikukasirikia wewe. Nisamehe. Nilikaa kwenye kigoda changu mbele ya meza yako tupu nikasema kwa sauti, Mjomba, ulikuwa na neno moja tu maisha yako yote, na hilo la pili ungeniachia basi.

Baada yako mimi ndiye mlezi wa Chapu, wewe mwenyewe ulinipa funguo. Asubuhi moja msichana wa Arusha alileta rekebisho la rangi kwa watu wasioona kijani vizuri. Kazi nzuri mno. Nilitaka kumjibu kama wewe, nikaona aibu, nikasema nitazame kwanza wewe ulikuwa unaandikaje. Nikafungua historia ya Chapu toka mwanzo. Imepokelewa. Imepokelewa. Imepokelewa. Ukurasa baada ya ukurasa, nilikuwa natabasamu. Kisha macho yakapita, yakarudi.

Rekebisho la saa, limeletwa na Karanga, limekaguliwa na Njegere. Na chini yake wewe, kwa mkono wako:

"Nimeridhia. Siku ianze pale hawa wawili watakapokubaliana."

Nilimpigia Daudi akiwa darasani. Hakuwahi kupokea simu darasani, siku hiyo alipokea. Nikamsomea. Nikasikia watoto nyuma wakitaja jedwali la saba. Kisha akasema polepole, "Fotu. Yule mzee alikuwa anasoma."

Nikamwomba mama simu yako, tukaiwasha. Mjomba, hatukujua. Mimi niliyekaa na wewe miaka minne sikujua kwamba kila tulichoandika pale chini, mvua, sweta, moto wa Bibi, yote, yalikuja kwako kama barua, moja moja, kwa kuwa mwenye programu ni wewe. Na zote zilikuwa zimefunguliwa. Hata ile niliyosema kwamba wewe unakoroma ukiwa macho.

Tukapanda kwa Bibi. Kule juu ya Mlali mtandao unakuja na upepo, lakini uliwahi kunifundisha kwamba kila nakala ya Chapu hubeba historia yake yote tumboni, kwa hiyo tulikwenda na kompyuta yako ileile. Wazee walikaa, washenga walikaa. Daudi akasoma. Mzee mmoja wa ukoo, yule mwenye kikohozi, akasema hayo ni maneno ya saa, si ya binti, fundi alikuwa anaongea na kazi yake. Na Mjomba, kwa haki, hakuwa amekosea kusema hivyo.

Bibi aliomba asomewe tena. Halafu mara ya tatu, akiwa amefumba macho. Akasema, "Huyu mtoto nimemzaa mimi. Nikimwita kula, imepokelewa. Nikimlaani, imepokelewa. Hilo neno jingine nimelisikia kinywani mwake siku moja tu, siku aliposimama badala ya mjomba wao kumwoza dada yake. Halisemwi kwa saa."

Hakuna aliyekohoa.

Kisha akatugeukia. "Na ninyi mmeshakubaliana hiyo siku?" Nikasema Jumamosi, Daudi naye wakati huohuo akasema Jumapili, na Bibi akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu uondoke. Mjomba, kilikuwa chako. Sikujua kwamba ulikirithi kwake.

Ilikuwa Jumamosi. Kanisa lilijaa, baba alivaa viatu vilivyombana na hakulalamika, mama alitembea kama mfanyakazi wa halmashauri. Yule bwana wa mbali, wa saa sita, aliomba atuone kwa simu wakati wa ndoa. Nikamwandikia ni saa nne. Unajua kilichotokea. Alipiga simu mshale wake ulipofika nne, saa kumi yetu ya jioni, amevaa tai, amekaa wima kama mshenga, akatukuta tumemaliza ndoa, tumemaliza pilau, na Bibi anacheza katikati ya uwanja. Hakukata simu. Alitazama mpaka mwisho. Kesho yake aliandika chini ya malalamiko yake ya zamani, kwa Kiswahili alichotafuta mwenyewe, kwamba kosa lilikuwa lake na anaomba malalamiko hayo yafungwe. Nikayafunga. Nikaandika imepokelewa.

Ndivyo nitakavyomwandikia kila mtu, Mjomba. Nakuahidi. Chapu haitafungwa mgongo nikiwa hai, na saa yake itaendelea kuhesabu tangu jua linapochomoza kwa kila anayetaka. Na lile neno lako jingine sitaligusa hata rekebisho liwe zuri namna gani. Nimemwambia mdogo wangu Beno kwamba ni la kwake sasa, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa mjomba wa watoto wangu, na kwamba asiuzoeshe ulimi kulitamka. Alitegemea nitamwachia saa yako ya mkononi. Nikamwambia hili ni zito zaidi.

Daudi anaita, chai imeiva, mvua imeanza nayo. Saa nane kasorobo. Umeona?

Nimeweka vidole viwili juu ya meza yako hapa nilipo, upande wenye kovu. Nenda salama, baba yangu wa pili.

Tulia, Mjomba. Sisi tumeshainua mikono, sekunde zinakimbia.

Mpwa wako,
Njegere